Jina Lisilopatikana: Kuunda Programu ya Kompyuta kwa Ajili ya Mfumo Mwingine

Maji ya chemchemi zitokazo Mlima Meru ni maangavu, na mtu ayatazamapo hawezi kujua kilichomo ndani yake. Miamba ya volkeno ya mlima huo ina floridi kwa wingi, nayo huyeyuka katika maji yapitayo chini ya ardhi kabla hayajatokeza mabondeni. Maziwa ya Momella, yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana kiasi kikubwa mno cha madini hayo. Katika vijiji vingi vinavyouzunguka mlima, wakazi waliokulia huko hutambulikana kwa meno yao ya kahawia, na wale walioathirika zaidi hupata maradhi ya mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floridi. Tanzania iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4, na baadaye ikakishusha kiwango chake kikawa sawa na hicho cha 1.5. Katika kituo cha Ngurdoto wataalamu wameshughulika kwa muda mrefu na uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Msomaji atauliza: habari hizi za maji zahusiana vipi na kompyuta? Tuchukue mfano wa shule ya sekondari iliyoko kwenye miteremko ya kusini ya mlima, yenye mabomba mawili ya maji kutoka vyanzo viwili tofauti. Wanafunzi wa kidato cha tano wanapima floridi kwa elektrodi, nao wameandika programu ya kugeuza usomaji wa milivolti kuwa miligramu kwa lita, kuchora mstari wa vipimo vya kila juma, na kupeleka matokeo katika ofisi ya mwalimu mkuu kwa waya wa mtandao wa shule. Kompyuta waliyoandikia programu ni kuukuu, na inatumia mfumo endeshi wa Linux kwa kuwa mfumo huo hauilemei. Kompyuta ya ofisini inatumia Windows. Mpaka programu ifanye kazi ofisini, uamuzi wa bomba lipi lifungwe utaendelea kutegemea karatasi zinazopotea.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na mwalimu wa kemia aweza kuifundisha darasani. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kila floridi inapoongezeka mara kumi, usomaji wa elektrodi hushuka kwa milivolti 59 hivi. Tuseme mchanganyiko wa miligramu 1 kwa lita umesoma milivolti 120, na ule wa miligramu 10 umesoma 62. Tofauti ni 58. Maji ya bomba la kwanza yakisoma 85, tunatoa 85 katika 120, tunapata 35. Tunagawanya kwa 58, tunapata 0.603, kisha tunakipandisha kumi kwa kipeo hicho, tunapata miligramu 4 kwa lita. Maji hayo yangekuwa ukingoni mwa kiwango cha zamani, lakini kwa kiwango cha sasa yamezidi zaidi ya mara mbili.

Hesabu hiyo imekwisha kuthibitishwa kwenye kompyuta ya Linux. Lililobaki ni kuunda programu itakayotumika katika Windows pasipo kuwa na Windows mezani. Hapo ndipo wengi hukwama, na mara nyingi hukwama mahali pamoja.

Kazi ya kiunganishi

Watu wengi hudhani kuwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya C hugeuzwa mara moja kuwa lugha ya mashine. Sivyo. Kwanza kitafsiri husoma kila faili peke yake na kutoa kipande cha lugha ya mashine. Kipande hicho hakijakamilika. Ndani yake mna orodha ya majina: majina ya kazi ambazo kipande kimezileta, na majina ya kazi ambazo kinazihitaji lakini hakinazo. Faili liitwalo mtandao.c, kwa mfano, laweza kuwa na kazi iitwayo tuma_matokeo, lakini likategemea kazi nyingine ya mfumo wenyewe ili kufungua njia ya mawasiliano. Kitafsiri hakijali kazi hiyo ya pili iko wapi. Huacha pengo na kuandika jina pembeni yake.

Kujaza mapengo hayo ni kazi ya programu nyingine, nayo ndiyo tutakayoiita kiunganishi. Hukusanya vipande vyote pamoja na maktaba, hutafuta kila jina linalohitajiwa, huandika anwani yake mahali palipoachwa wazi, na kutoa faili moja lililo tayari kutumika.

Fikra hii ni kongwe kama kompyuta zenyewe. Huko Cambridge, Uingereza, mashine ya EDSAC ilianza kazi mwaka 1949, na wataalamu wake Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walitunza maktaba ya kazi fupi fupi katika kanda za karatasi ili zitumiwe tena na tena. Nchini Marekani, Grace Hopper alitengeneza mwaka 1952 mfumo ulioitwa A-0, ambao uliokota kazi kama hizo katika utepe wa sumaku kwa kufuata namba zake na kuziweka pamoja. Leo mfumo huo huhesabiwa kuwa kitafsiri cha kwanza, ingawa kwa hakika ulifanana zaidi na kiunganishi. Hapa kwetu safari ilikuwa na vikwazo vyake: kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wanafunzi wetu wa mlimani si wa kwanza kutaka programu ya Kiswahili ifike kwenye meza ya mtu mwingine.

Lugha moja ya mashine, bahasha mbili

Kompyuta mbili za mfano wetu zaweza kuwa na kichakato cha aina moja, hata maagizo ya kujumlisha na kuzidisha yakawa yale yale. Kinachotofautiana ni bahasha inayobeba maagizo hayo. Faili la programu katika Linux hufuata muundo uitwao ELF. Baiti yake ya kwanza ina thamani ya 127, na tatu zinazofuata ni herufi hizo hizo E, L na F. Faili la Windows hufuata muundo uitwao PE na huanza kwa herufi M na Z, ambazo ni za mwanzo za jina la Mark Zbikowski, mmoja wa watengenezaji wa mfumo wa zamani wa DOS. Aidha, majina ya kazi za mfumo hayafanani, wala hayakai katika maktaba zenye majina yanayofanana.

Kwa bahati njema, kitafsiri kinachotumika katika Linux kinaweza kutoa vipande vya Windows. Mkusanyiko wa zana unaotumika sana kwa kazi hii ni mingw-w64, nao hupatikana bila malipo. Kitafsiri chake cha lugha ya C kwa kompyuta za biti 64 kina jina refu, x86_64-w64-mingw32-gcc, na kile cha biti 32 huitwa i686-w64-mingw32-gcc. Namba 32 iliyo mwishoni mwa majina yote mawili huwachanganya wanafunzi. Ni masalia ya jina la zamani tu. Tazama mwanzo wa jina.

Wanafunzi wetu wanatafsiri mafaili yao bila tatizo, kisha wanaviita vipande viunganishwe. Kiwambo kinajaa maneno, na kila mstari una maneno mawili ya Kiingereza: undefined reference. Maana yake ni nyepesi: jina limetajwa, mwenyewe hakuonekana. Kosa la kwanza la anayeanza ni kurudi kwenye programu yake na kuibadili ovyo. Programu haina kosa. Soma jina lenyewe, kwa sababu ndani ya jina mna nusu ya jibu.

Kusoma jina

Tuseme jina lililokosekana ni __imp_WSAStartup. Herufi za mwanzo, __imp_, zatuambia kwamba kazi hii inatakiwa kuletwa kutoka maktaba ya nje wakati programu inapoanza. WSAStartup ni kazi ya Windows ya kuandaa mawasiliano ya mtandao. Katika Linux kazi za mtandao zimo katika maktaba ya msingi inayounganishwa siku zote, kwa hiyo wanafunzi hawakuzoea kuitaja. Katika Windows zimo katika maktaba ya pekee, ws2_32, na ni lazima iombwe kwa kuongeza -lws2_32 katika amri ya kuunganisha. Kama mngekuwa mnaunda programu ya biti 32, jina hilo hilo lingeonekana likiwa na mkia, WSAStartup@8. Namba 8 ni idadi ya baiti za vitu vinavyopelekwa kwa kazi hiyo: viwili, kila kimoja baiti 4.

Kinyume chake hutokea pia. Kazi ya kukipandisha kumi kwa kipeo, pow, katika Linux imo katika maktaba ya hisabati inayoombwa kwa -lm. Kwa zana za Windows huletwa bila kuombwa. Ukiacha -lm katika amri yako, haidhuru kitu.

Uchoraji nao una desturi yake. Kazi ya kuchora mstari, LineTo, imo katika maktaba ya gdi32. Zana za mingw-w64 huunganisha zenyewe maktaba chache za Windows kama kernel32 na user32, lakini gdi32 haimo. Uongeze -lgdi32, au utumie -mwindows, ambayo huileta na pia huifanya programu ifunguke bila lile dirisha jeusi la maandishi. Napendelea ile ya kwanza wakati wa majaribio, kwa sababu lile dirisha jeusi ndilo linaloonyesha makosa.

Tahadhari ndogo juu ya herufi kubwa na ndogo: mtu anayefanya kazi ndani ya Windows aweza kuandika -lWs2_32 na mambo yakaenda, maana mfumo huo hautofautishi. Katika Linux faili liitwalo libws2_32.a halitaonekana kwa jina hilo.

Jina lenye mabano

Wanafunzi waliandika sehemu ya hesabu kwa C, na sehemu ya mchoro kwa C++. Sasa kiunganishi kinasema hakioni

hesabu_kiasi(double, double, double)

na wao wanaapa kwamba kazi hiyo imo katika maktaba yao, libfloridi.a. Wanasema kweli. Lakini tazama mabano. Lugha ya C huandika katika kipande jina tupu: hesabu_kiasi. Lugha ya C++ huruhusu kazi kadhaa ziitwe jina moja mradi vinavyopokelewa vitofautiane, kwa hiyo hulazimika kuingiza aina za vitu hivyo ndani ya jina. Katika kipande, jina linalotafutwa na sehemu ya mchoro ni _Z12hesabu_kiasiddd: 12 ni idadi ya herufi na alama za jina, na kila d ni namba moja ya desimali. Majina hayo mawili hayatakutana kamwe. Dawa ni kuitangaza kazi hiyo, katika faili la C++, kwa maneno extern "C", yaani mchukulie huyu kama mtu wa C. Kiunganishi kinapolalamika kwa jina lenye mabano na aina ndani yake, anza kushuku jambo hili kabla ya mengine.

Kuna zana ya kuthibitisha badala ya kubahatisha. Amri ya x86_64-w64-mingw32-nm, ikifuatwa na jina la kipande au maktaba, huorodhesha majina yote yaliyomo. Penye herufi T, kazi ipo. Penye U, inatafutwa. Mwalimu akiwa na dakika arobaini tu za kufundisha jambo lote hili, ningemshauri atumie thelathini kwa amri hiyo peke yake.

Mpangilio katika amri

Hili ndilo limewapotezea watu muda mwingi kuliko yote, na mwandishi wa makala haya aliwahi kupoteza siku mbili kwa ajili yake. Maktaba zote zimetajwa, hakuna iliyosahauliwa, na bado majina hayapatikani.

Mfikirie mtu aliyetumwa Soko la Tengeru akiwa na orodha mkononi, na sharti la kupita mbele ya wauzaji mara moja tu bila kurudi nyuma. Kwa kila muuzaji hununua kilichomo katika orodha yake wakati huo, basi. Akifika kwa muuza vitunguu orodha ikiwa bado tupu, hupita. Mbele akikutana na mpishi anayemwambia aongeze vitunguu, ameshachelewa. Kiunganishi hufanya vivyo hivyo kinaposoma amri kutoka kushoto kwenda kulia. Kipande kilichotajwa waziwazi huchukuliwa chote, lakini katika maktaba huchota tu kile kinachojaza pengo lililokwisha kujulikana. Basi amri hii itashindwa:

x86_64-w64-mingw32-g++ -L. -lws2_32 -lgdi32 -lfloridi -lmtandao kuu.o mchoro.o -o floridi.exe

Maktaba zote zimepitwa orodha ikiwa tupu. Na hii itafaulu:

x86_64-w64-mingw32-g++ kuu.o mchoro.o -L. -lmtandao -lfloridi -lgdi32 -lws2_32 -o floridi.exe

Hapa libmtandao imetangulia libfloridi kwa sababu inaihitaji, na maktaba za mfumo zimekuja mwisho kwa sababu zote huzitegemea. Anayeomba hutangulia anayeombwa. Ikiwa maktaba mbili zinahitajiana, zizungushiwe -Wl,--start-group na -Wl,--end-group, na kiunganishi kitazirudia mpaka kisipate jipya. Ajabu ni kwamba katika Linux amri yenye mpangilio mbaya mara nyingi hufaulu, maana huko maktaba nyingi ni za aina inayounganishwa wakati wa kutumika, ambazo viunganishi vingi huzichukua hata kabla ya kuhitajiwa. Mwanafunzi hujifunza tabia mbaya bila adhabu, na adhabu huja siku ya safari.

Maktaba ya nyumba nyingine

Iko hali ambapo maktaba ipo, jina limo, mpangilio ni sahihi, na kiunganishi kinasema skipping incompatible, yaani kimeiruka kwa kuwa haifai, kisha kinadai hakikuiona kabisa. Sababu ni kuchanganya biti 32 na 64. Jamaa yake wa karibu ni kuchukua libfloridi.a iliyotengenezwa juma lililopita kwa ajili ya Linux na kuitia katika programu ya Windows. Malalamiko yake hutofautiana, na pengine huwa magumu kuelewa. Amri ya x86_64-w64-mingw32-objdump -f libfloridi.a humaliza ubishi: kila kipande kiwe na maneno pe-x86-64. Kikionekana chochote chenye elf, futa vipande vyote na uvitafsiri upya, na maktaba iundwe kwa x86_64-w64-mingw32-ar. Usiongeze kamwe /usr/lib katika njia za kutafutia maktaba. Hizo ni za Linux.

Ofisini

Siku inafika floridi.exe inapoundwa bila lalamiko hata moja. Inapelekwa ofisini kwa kifaa cha kumbukumbu, mwalimu mkuu anaibofya, na Windows inajibu kwamba libstdc++-6.dll haikuonekana. Kiunganishi kilikwisha kuridhika, lakini kuna maktaba kilizoacha ziunganishwe wakati wa kutumika, nazo zimo katika kompyuta ya wanafunzi peke yake. Mara nyingi huwa tatu: hiyo iliyotajwa, libgcc_s_seh-1.dll, na libwinpthread-1.dll. Ukiileta moja, inadaiwa ya pili.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuyanakili mafaili hayo na kuyaweka kando ya programu. Ya pili ni kuongeza -static katika amri ya kuunganisha, ili maktaba hizo ziingizwe ndani ya programu yenyewe. Programu itanenepa, na wapo mafundi wanaoilaumu njia hii kwa sababu maktaba ikirekebishwa itabidi programu nayo iundwe upya. Kwa programu kubwa inayogawiwa nchi nzima wana haki. Kwa shule inayobeba faili moja mfukoni, ambako hakuna mtandao wa intaneti wa kutafutia faili lililosahauliwa, naona -static ni bora bila shaka. Haizuii ws2_32 wala gdi32, kwa kuwa libws2_32.a na libgdi32.a hazina kazi zenyewe. Ni orodha za kuonyesha kwamba kazi zimo katika Windows.

Kabla ya kushuka tena ofisini wanafunzi wanaichunguza programu mpya:

x86_64-w64-mingw32-objdump -p floridi.exe | grep "DLL Name"

Orodha inatoka fupi: KERNEL32.dll, USER32.dll, GDI32.dll, WS2_32.dll na msvcrt.dll. Zote ni za Windows yenyewe. Hata hivyo mwanafunzi mmoja anakumbuka kuuliza jambo ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzoni: je, Windows ya ofisini ni ya biti ngapi? Ni ya biti 64; ingekuwa ya biti 32, programu ya biti 64 isingeweza kuanza humo kwa namna yoyote. Ingewabidi wafute vipande vyote, wabadili x86_64 kuwa i686 katika kila amri, na kuanza kutafsiri tena. Zamu hii hawahitaji kubahatisha. Alasiri hiyo vipimo vya bomba la kwanza, miligramu 4 kwa lita, vinaonekana kwenye kiwambo cha mwalimu mkuu.